Dawa ya kunyamazisha jeni kwa kuvuta: tuulize kwanza imetua wapi

Dawa ya kuvuta haianzi kwa binadamu. Kwanza inavutwa na chuma. Maabara ninamofanyia kazi tuna koo la chuma, bomba lililopinda kwa pembe mraba, limeungwa na kasha lenye ngazi saba za visahani. Pampu huvuta hewa lita 15 kwa dakika, ukungu wa dawa unaingia kooni, na kila kisahani kinanasa matone ya ukubwa wake, makubwa mwanzo, madogo mwisho. Mara yangu ya kwanza kujaribu RNA, molekuli ambayo ndiyo dawa yenyewe ya kunyamazisha jeni, niliichanganya na rangi inayong'aa chini ya taa maalumu. Nilipofungua kasha, koo lilikuwa limelowa rangi tele, na visahani vya mwisho, vile vinavyosimama badala ya mapafu ya ndani, vilikuwa vikavu. RNA yenyewe haikuwa na kasoro. Ilikuwa imefika tu mahali ambapo haina kazi.

Nimekumbuka koo lile wiki hii baada ya mdogo wangu, ambaye mwanawe wa miaka sita ana pumu, kunitumia habari ya dawa "inayozima jeni ya pumu". Akauliza: "Dada, hii itatufikia lini?"

Tuanze na kuzima kwenyewe. Ichukulie jeni kuwa ni jalada lililofungiwa ofisini. Jalada halitoki, anayetoka ni tarishi, amebeba nakala ya agizo kwenda karakana ya protini. Tarishi huyo ndiye RNA mjumbe. Dawa hizi haziingii ofisini wala hazigusi jalada. Zinamvizia tarishi njiani na kuichana nakala mkononi mwake, protini isitengenezwe. Na kwa kuwa ofisi inaendelea kutuma matarishi wengine, dawa ikiisha mwilini agizo linarudi kama kawaida. Kwangu hiyo ni faraja: kosa likitokea, halidumu maisha yote.

Andrew Fire na Craig Mello walieleza njia hii ya mwili kunyamazisha jeni mwaka 1998, katika minyoo midogo, wakapewa Nobel mwaka 2006. Dawa ya kwanza ya aina hiyo, patisiran, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018. Lakini hiyo inafanya kazi kwenye ini, na ini ni mwenyeji mkarimu: damu yote hupita kwake, naye hupokea karibu kila kinacholetwa.

Mapafu si hivyo. Yameumbwa kufukuza wageni. Tone likizidi mikromita 5 hugonga koo. Likiwa dogo kupita kiasi hutoka tena na pumzi. (Unywele wa kichwa una unene wa kama mikromita 70, ujue tunazungumzia kitu kidogo kiasi gani.) Lililopita salama linatua kwenye ute, na vinyweleo vya njia za hewa vinausukuma ute huo kuelekea kooni saa zote. Likifika ndani kabisa, kuna seli walaji zinazolisubiri. Zaidi ya hapo, RNA ngeni inafanana na virusi, na kinga ikishtuka huleta uvimbe uleule tuliokuja kuutuliza. Kinachoniumiza zaidi ni hiki: dawa hufuata hewa, na hewa hufuata njia iliyo wazi. Sehemu iliyozibwa na makohozi, yenye shida kubwa kuliko zote, ndiyo inayopata kidogo.

Pamoja na hayo, kuna jaribio moja ninalolirudia kila mara. Lilifanyika Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2015 katika jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine. Kwenye pumu ya mzio kuna protini iitwayo GATA3, ambayo ndani ya seli nyeupe za aina ya Th2 ndiyo inayoamrisha vichochea uvimbe vitengenezwe. Watafiti walitumia kipande kifupi cha DNA ambacho chenyewe ni mkasi: kinamshika tarishi wa GATA3 na kumkata. Wagonjwa 40 wenye pumu nyepesi waligawanywa. Wengine walivuta miligramu 10 mara moja kwa siku kwa siku 28, wengine wakavuta plasebo, yaani dawa bandia isiyo na kitu ndani. Kabla na baada ya hapo walivutishwa kile kinachowaletea mzio, chini ya uangalizi wa madaktari.

Mtu mwenye pumu ya mzio anaweza kubanwa mara mbili: dakika chache baada ya kuvuta, kisha tena saa kadhaa baadaye. Kubanwa kwa pili kulipungua kwa asilimia 34 kwa waliopata dawa. Kwa wenzao kulipanda kwa asilimia 1. Kubanwa kwa kwanza kulipungua kwa asilimia 11, huku kwa wenzao kukipanda kwa asilimia 10. Watu 40 ni wachache, na pumu nyepesi si ile inayojaza wodi usiku. Lakini hapa dawa ilifika na ikabadilisha kitu ambacho mgonjwa anakisikia kifuani mwake.

Swali linalobaki ni namna ya kujua tarishi kweli amekamatwa bila kumkata mtu kipande cha pafu. Kampuni ya Arrowhead ya Marekani ilipata njia ninayoipenda sana. Walilenga RAGE, protini inayopatikana kwa wingi mapafuni kuliko kwingineko mwilini, na ambayo sehemu yake huvujia kwenye damu. Watu wakavuta dawa, wakatolewa damu mkononi, na kiwango kikashuka sana. Mkono ukatoa ushahidi wa pafu. Kampuni hiyohiyo, mwaka 2021, ilisimamisha dawa yake nyingine ya kuvuta baada ya dalili za uvimbe kuonekana kwenye mapafu ya panya waliopewa kwa muda mrefu. Nawaheshimu kwa kusimama.

Kwa hiyo nilimjibu mdogo wangu kwamba bado. Ninapoandika haya, hakuna dawa ya kuvuta ya kunyamazisha jeni iliyoidhinishwa kwa pumu, na ile pampu ya kuzuia aliyopewa mtoto, yenye steroidi ya kutuliza uvimbe, asiiache hata siku anapoonekana mzima. Kisha nikamwomba anipigie video mtoto akiitumia. Alikuwa anaipuliza moja kwa moja mdomoni, na nikaliona tena koo langu la chuma lililolowa rangi. Nikamwambia atafute chupa ya plastiki ya mililita 500, aioshe, aikaushe, atoboe kitako kwa kipimo cha mdomo wa pampu na aizibe pembeni hewa isivuje, ili dawa ipulizwe kwanza ndani ya chupa na mtoto aivute kupitia mdomo wa chupa. Utafiti wa Cape Town uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa chupa kama hiyo, ikitengenezwa vizuri, huwafaa watoto sawa na kifaa cha dukani. Jioni akanitumia video nyingine: mtoto ameikumbatia chupa kwa mikono miwili, anavuta taratibu, mama yake anamhesabia pumzi.