Je, wajua kwa nini chipu ya DNA inataka chumvi kama ya maji ya Nyali?

Chota maji ya bahari pale Nyali, Mombasa, uyapime: kila lita ina gramu 35 hivi za chumvi. Chipu ya DNA ni kipande kidogo, mara nyingi cha kioo, kilichopandwa nyuzi za DNA za kunasia nyuzi zinazotafutwa. Kimiminika ambamo huachwa usiku kucha, ili nyuzi za DNA zishikane na wenzao, mara nyingi kina chumvi ya kiwango hichohicho au zaidi. Punguza chumvi hiyo mno, na chipu haitakusomea kitu. Kwa nini?

Ni mambo ya umeme. Mgongo wa DNA umejengwa kwa fosfeti, na kila fosfeti hubeba chaji hasi moja. Uzi wa herufi 25 (herufi ni viungo vya DNA: A, T, C na G) una chaji hasi zipatazo 25. Herufi zikilandana, A na T, C na G, nyuzi mbili huvutana, lakini migongo yao inasukumana. Chumvi ndiyo msuluhishi: ayoni zake za sodiamu, yaani chembe zenye chaji chanya, huizingira migongo hiyo na kuufunika umeme wake. Kwenye chumvi ya kiwango cha bahari, msukumano hufifia ndani ya nusu nanomita (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Ipunguze chumvi mara elfu, nao utafika zaidi ya nanomita 10.

Hayo hutokea hata nyuzi zikielea huru ndani ya chupa. Kwenye chipu mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu kioo chenyewe kikilowa hupata chaji hasi. Halafu juu yake zimepandwa nyuzi za kunasia, kila moja imefungwa ncha moja. Zikiwa trilioni 3 kwa sentimita moja ya mraba, kati ya jirani na jirani hubaki kama nanomita 6 tu. Uzi mgeni unaokuja na chaji zake hasi unakuta uwanja mzima wa hasi, na kila unaonaswa unaleta chaji nyingine. Ni feri ya Likoni saa kumi na moja jioni: kila anayepanda anamzidishia taabu anayefuata. Mwaka 2002 Arnold Vainrub na Montgomery Pettitt wa Marekani waliipigia hesabu hali hii, wakaonyesha kwamba chipu inaweza kuzibwa na umeme kabla nyuzi zake zote hazijapata wenza.

Basi si tukipake kioo chaji chanya, yaishe? Hupakwa kweli, kwa mfano kwa polilisini, kemikali yenye chaji chanya. Lakini mvuto ukizidi, DNA yoyote inanata, hata isiyohusika, na nyuzi za kunasia hulala chali zikagandia kioo. Mimi naona hapo ndipo penye ufundi hasa, kupata mvuto wa kiasi. Uso wa dhahabu una nafuu yake, kwani chaji yake hubadilishwa kwa kugeuza volteji. Chanya huita DNA, hasi huifukuza, na zinazotangulia kung'oka ni zile zilizoshikana kwa makosa.

(Usije ukamwagia chipu maji ya Nyali, lakini. Yana bakteria, na vimeng'enya vyao hukatakata DNA.)

Kuna vihisi vya aina nyingine, vya transista, ambavyo husoma chaji ya DNA moja kwa moja. Hapo chumvi inageuka adui: inayosaidia nyuzi kushikana ndiyo hiyohiyo inayoificha chaji yao isionekane. Wengi hushikanisha kwenye chumvi nyingi, kisha husuuza na kusoma kwenye chumvi kidogo. Njia ninayoipenda zaidi ilitoka Denmark mwaka 1991, pale Peter Nielsen na wenzake walipotangaza PNA, uzi wenye herufi zilezile lakini mgongo usio na chaji. Ukipandwa kwenye kihisi, hunasa DNA hata chumvi ikiwa kidogo sana, na chaji mpya inayosomwa hapo ni ya mgeni peke yake.