Ati programu huria lazima iwe na sura mbaya?

Mie natengeneza kadi za harusi na mabango ya maulidi, Mlandege, Unguja. Kila nikifungua Inkscape, programu huria ya kuchorea (huria, yaani msimbo wake, maagizo yanayoiendesha, uko wazi kwa yeyote), mbele ya mama wa bi harusi, swali ni lilelile: "Mwanangu, hiyo ya bure itatoa kitu kweli?" Simlaumu. Maneno yametembea mjini, na mengi si kweli.

"Sura yake mbaya kwa sababu ni ya bure."

Sura mbaya zipo, sikatai. GIMP, programu huria ya kuhariri picha, ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kwa miaka mingi madirisha yake yalitawanyika kwenye skrini kama ngalawa zilizokatika nanga. Uwezo wa kuyakusanya mahali pamoja ulikuja na toleo la 2.8, mwaka 2012. Lakini bei haihusiki hapo. Programu nyingi za namna hii zilianza kwa waandishi wa msimbo waliojitengenezea wenyewe, na wao tayari walijua kila kitu kilipo. Aliyekosekana ni mtu wa kukaa nyuma ya mgeni, kimya, amtazame anavyohangaika.

Chukua Blender, programu ya kutengeneza picha na filamu za pande tatu (3D). Mwaka 2002 watu walichangishana euro 100,000 ili iachiwe huria. Baada ya hapo ikasifika kwa uwezo wake na kwa kuwakimbiza wageni: kitu ulikichagua kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kinyume na ulivyozoea kwengine kote. Toleo la 2.80, Julai 2019, likaipangua sura: kuchagua kukahamia kushoto, aikoni zikachorwa upya, zana zikawekwa wazi. Bei ikabaki sifuri. Mwaka 2025 filamu ya Flow kutoka Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender, ikachukua Oscar ya filamu ndefu ya katuni.

"Dizaini ni pambo, huwekwa mwisho."

Waulize wanunuzi wa kanga Darajani. Kanga ina pindo, mji na jina. Hakuna anayefundishwa pa kulitafuta jina: lipo chini ya mji, juu ya pindo la chini, kwenye kila doti. Jicho linakwenda lenyewe. Kiolesura kizuri, yaani sura ya programu unayoiona na kuibonyeza, hufanya hivyo hivyo, na mpangilio huo hauwezi kubandikwa kazi ikishaisha.

"GIMP inatosha kwa kila kitu."

Haitoshi, na ndiyo maana wengi wanailaani bure. GIMP ni ya kusafisha picha. Maua ya kadi nachora kwa Inkscape, na kitabu cha kurasa nyingi cha kwenda kiwandani nakipanga kwa Scribus, inayotoa PDF yenye rangi nne za uchapaji. (Aliyejaribu kuandika kadi nzima ndani ya GIMP ananielewa.)

"Hujui msimbo, huna la kuchangia."

Hii ndiyo inayoniudhi zaidi. Nembo ya Firefox, kivinjari huria cha intaneti, ya mwaka 2004 ilikamilishwa na Jon Hicks, na yeye ni mbunifu wa picha. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikatoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyozungumza Kiswahili, na kazi ya namna hiyo humtaka mtu wa lugha.

Na sisi tunaona kasoro ambazo wao hawazioni. Kitufe kilichopimwa kwa neno la Kiingereza la herufi nne hakiwezi kubeba "Mwonekano", lenye herufi 9. Kwenye programu moja nilikuta limebaki "Mwoneka…", na aliyeandika msimbo asingelijua hilo abadani, maana kwake neno linaenea vizuri. Nikapiga picha ya skrini, nikataja toleo ninalotumia na neno lililokatwa, nikatuma kwenye ukurasa wa kuripoti hitilafu wa mradi. Kiingereza changu cha kubabaisha kilitosha; mshale mwekundu juu ya picha ndio uliofanya kazi kubwa.