Unasikilizia wapi? Hedifoni, makelele ya Mombasa na masikio yetu

Anayekuja kupimwa masikio kwetu hukutana kwanza na maswali. Watu hutarajia kuulizwa wanasikiliza muziki gani, na vijana huwa wameshajiandaa kujitetea. Swali linalonifaa mimi zaidi ni jingine: unasikilizia wapi? Kijana anayesikiliza taarabu usiku chumbani kwao Tononoka, na mwenzake anayesikiliza taarabu hiyo hiyo, kwa simu ya aina hiyo hiyo, ndani ya matatu ya Mtwapa saa kumi na mbili jioni, masikio yao hayapati kitu kimoja. Wa kwanza anasikiliza muziki. Wa pili anashindana na injini, honi na spika iliyo chini ya kiti, na njia pekee aliyo nayo ni kupandisha sauti.

Ndiyo maana kabla sijamwambia mtu apunguze, nataka kujua amevaa kwa nini. Mwanafunzi anayevuka Likoni kila asubuhi atakwambia anavaa ili asisikie: asisikie mngurumo wa feri, mhubiri mwenye kipaza sauti, wala muuza dawa ya panya. Wasichana huniambia wanachomeka hedifoni wakipita maskani ya vijana ili wasisemeshwe, na mara nyingi hakuna chochote kinachocheza. Hao masikio yao yako salama kabisa. Wenye kuhitaji kufundwa ni wale waliokaa maskani, na hiyo si kazi ya kliniki. Mlinzi wa usiku naye ana sababu ya kiufundi. Simu nyingi zenye redio hutumia waya wa hedifoni kama antena, na bila waya stesheni haishiki. Basi huchomeka sikio moja apate Pwani FM au Radio Rahma, la pili analiachia geti.

Mlinzi huyo ningependa kumwonya kidogo. Ubongo hujumlisha sauti ya masikio mawili. Likisikiliza moja tu, sauti ile ile huonekana ndogo, na mkono huipandisha bila mwenyewe kujua. Awe akibadilisha masikio, na apunguze usiku unapotulia. Magari yakiisha saa saba, sauti aliyoiweka saa mbili haina kazi tena.

Wasiovaa nao wana sababu zao. Wako wanaohofia kunyakuliwa simu, kwa kuwa waya unaoning'inia humwonyesha mwizi iko mfuko gani. Wako wanaoona muziki haufai kidini, ingawa wengi wao hutumia kifaa hicho hicho kwa Qur'ani, kasida na mawaidha. (Sikio, kwa taarifa yenu, halibagui. Linapokea nguvu ya sauti na muda wake, basi. Mawaidha yaliyofunguliwa mwisho huumiza sawasawa na muziki.) Na kuna suala la heshima. Mji wa Kale mtu hapiti baraza ya wazee amejiziba masikio. Salamu isiyojibiwa huhesabiwa kiburi, na bibi aliyeita mara tatu bila kuitikiwa atauliza mbele za watu, "We mwana, umeingia uziwi?"

Hofu hiyo ya mtu kusikiliza peke yake si ya Pwani tu. Sony ilipoanza kuuza Walkman ya kwanza, redio-kaseti ndogo ya kubebwa, nchini Japani tarehe 1 Julai 1979, mmoja wa waasisi wa kampuni hiyo, Akio Morita, alikuwa ameona ni utovu wa adabu mtu kujifungia na muziki wake. Kwa hiyo kifaa kile kiliwekwa matundu mawili ya hedifoni, wasikilize wawili, pamoja na kitufe cha kufifisha muziki ili waweze kusemezana. Baadaye vitu hivyo viliachwa, kwani kumbe wanunuzi walitaka upweke wao. Mombasa ya miaka hiyo muziki ulikuwa wa wote. Kanda za taarabu, nyingine zikirekodiwa arusini na kusambazwa na maduka kama Mbwana Radio Service, zilipigwa kwa redio-kaseti barazani na dukani, na sauti ya mwimbaji Juma Bhalo ikawa ya mtaa mzima. Hata iPod, kifaa cha muziki cha Apple kilichoanza mwaka 2001 na kukomeshwa 2022, ilipita hapa bila kugusa wengi. Kilichoubadilisha mji ni simu yenye memori kadi, halafu intaneti. Leo kila abiria ana muziki wake mfukoni, na gari nalo halijaacha kupiga wake.

Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa muda huo huo. Lakini desibeli hazipandi kama nauli. Kila zinapoongezeka 3, nguvu inayoingia sikioni huwa maradufu, na muda wa usalama hukatika nusu. Ukifika 90, zile saa 40 zimebaki 4. Ukifika 100, kiwango ambacho simu nyingi huweza kukifikia zikifunguliwa mwisho, una dakika 20 kwa wiki nzima.

Sasa mrudie abiria wetu wa Mtwapa. Tuseme kelele ya ndani ya gari ni desibeli 80 na ushei. Wimbo wake lazima upande juu ya hapo ndipo ausikie, na haitakuwa ajabu ukifika 90. Saa moja kuja mjini, saa moja kurudi. Jumanne jioni amemaliza fungu la wiki, na bado ana Jumatano hadi Jumamosi. Asiyeamini na ajaribu hivi: ukishuka kwenye gari usiguse kitufe cha sauti. Fika nyumbani, kaa chumbani kimya, chomeka tena. Wengi huzing'oa hedifoni palepale, wasiamini kwamba sauti hiyo ndiyo waliyokuwa wakisinzia nayo njia nzima.

Kinachoumia hakionekani kwa macho. Ndani kabisa ya kila sikio kuna seli zenye vinyweleo, takriban 16,000, zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa habari ya kupelekwa kwenye ubongo. Zikichoka kwa usiku mmoja wa arusi, masikio huziba na kuvuma, kisha baada ya muda hurudi sawa. Zikichoshwa siku baada ya siku hufa, na kwa binadamu hazioti tena. Hutangulia zile za sauti nyembamba, na herufi kama s, f na t ziko huko. Kwa hiyo mtu haanzi kwa kutosikia; huanza kwa kusema "nakusikia ila sikuelewi." Mwenye meza yake soko la Kongowea huanza kukosana na wateja kwa kuchanganya "sita" na "tisa", na hudhani wao ndio wanaonong'ona.

Ushauri wangu kwa anayesafiri kila siku ni azuie kelele kwanza, ndipo afikirie sauti. Hedifoni bapa zinazokaa mlangoni mwa sikio huingiza kelele yote ya nje. Zenye kipira kinachoziba tundu huipunguza, ukatosheka na sauti ndogo. Pakiti nyingi huja na vipira vya saizi tatu, na watu hutupa jozi mbili bila kuzijaribu. Kilichokukaa sawasawa hakitoki ukitafuna, na mngurumo wa gari hupungua mara tu unapochomeka, hata kabla hujafungulia chochote. Ziko pia hedifoni zinazofuta kelele kwa umeme, na hizo huuweza zaidi mngurumo mzito kama wa injini ya feri, ila bei yake si ya kila mtu. Mwendesha boda na wa tuktuk asivae kabisa. Anayevuka barabara avue. Na fundi wa kukata vyuma asidhani hedifoni ya muziki ni kinga: akipandisha muziki ushinde mashine, anabeba kelele mbili badala ya moja.

Pwani tuna shida nyingine ambayo ushauri ulioandikwa kwenye nchi za baridi huwa hauitaji. Kipira kinachoziba kelele hufungia jasho ndani, na kwa joto na unyevu wetu tundu la sikio likawa mahali pazuri pa fangasi. Huanza kwa mwasho, kisha kuziba, kisha maji na uchafu, wakati mwingine wenye madoa meusi. Usichomeke sikio likiwa bichi baada ya kuogelea Mama Ngina. Vua kila baada ya muda upepo upite. Pangusa vipira kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, na usiazimane hata na ndugu yako. Mwasho ukianza, acha kuchokonoa: pamba ya kijiti, ufunguo na unyoya wa kuku tumeyaona yote, na yote huchubua ngozi na kumzidishia fangasi makao. Mafuta ya moto na kitunguu thaumu viacheni jikoni.

Nikiri upande wangu: sioni haki kumhubiria mtoto wa shule kuhusu simu yake huku spika ya matatu iko nyuma ya kichwa chake na hana mamlaka ya kuizima. Kanuni za kudhibiti kelele zipo Kenya tangu 2009, chini ya sheria ya mazingira. Mzazi anayemwambia makanga "punguza, kuna watoto" anafanya kazi ya afya kuliko bango letu la ukutani, na makanga, anayesimama mlangoni mwa kelele hiyo kutwa nzima, ndiye wa kwanza kufaidika.

Njoo upimwe ikiwa masikio hulia au kuvuma bila kukoma, ukipandisha televisheni wenzako wakalalamika, au ukihisi sikio moja limekuwa zito kuliko la pili. Sikio likipoteza usikivu ghafla, ndani ya siku moja au tatu, usisubiri. Hiyo ni dharura na matibabu yake yana muda wake. Kipimo chenyewe hakiumi: utakaa katika chumba kimya, uvae hedifoni zetu, ubonyeze kitufe kila usikiapo mlio, hata ukiwa mdogo vipi. Sharti ni kwamba masikio yawe yamepumzika kutokana na kelele kwa angalau saa 14, la sivyo tutapima uchovu wa jana tukadhani ni maradhi. Kwa hiyo usije moja kwa moja kutoka arusini, na siku hiyo ukiweza, panda gari lisilo na muziki. Ukilipata.