Yoga kwa wanaoanza: maswali ya wanafunzi wangu wa Tanga

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijakolea, nawafundisha yoga watu wachache hapa Tanga. Wengi wao hawajawahi kuifanya. Haya ndiyo wanayoniuliza kabla hata ya kuvua viatu.

Mwili wangu umekakamaa, vidole vya miguu sivigusi. Nitaweza kweli?

Utaweza, na kukakamaa huko ndiko sababu ya kuja. Swali hili huniuliza zaidi kina kaka waendesha baiskeli, na mjini kwetu baiskeli ni miguu ya pili. Mtu anayekanyaga pedeli kutoka Mwambani hadi Ngamiani kila siku anashinda na nyonga zimekunjwa na mgongo umeinama. Misuli ya mbele ya nyonga na ya nyuma ya mapaja inakaza. Akija kuinama, mgongo unabebeshwa kazi ambayo mapaja yamekataa.

Basi kunja magoti. Kunja hasa, mpaka tumbo likaribie mapaja, kisha acha kichwa kining'inie. Usijirusherushe kuvitafuta vidole: msuli ukivutwa ghafla hujikaza kujilinda, ukivutwa polepole na kuachwa hapo kwa pumzi tano hivi, unalegea. Mabadiliko utayaona kwanza nyumbani, siku utakayoinama kuokota kitu bila kushika kiuno. Mwenzako akigusa sakafu kwa viganja, mwache. Nyonga zake si zako.

Naambiwa nivumilie. Nivumilie mpaka wapi?

Mvuto katikati ya msuli ni sawa. Maumivu ya kuchoma ndani ya goti, begani au kiunoni, ganzi, au kitu kama shoti kinachoshuka mguuni, hayo si ya kuvumilia. Toka kwenye mkao huo taratibu na upumzike. Pumzi ndiyo mizani yako. Ukiona umeibana, au unahema, umepita kiasi. Rudi nyuma kidogo mpaka uvute na kutoa hewa kwa pua bila kulazimisha.

Mimi Muislamu. Hii si ibada ya watu wengine?

Ni swali la haki na silipuuzi. Yoga ilitoka India, ikakua ndani ya mapokeo ya dini za huko, ukiwemo Uhindu. Darasani kwangu tunafanya mikao na pumzi tu. Hakuna nyimbo wala dua. Moyo ukibaki na shaka, muulize sheikh wako, kama Mkristo anavyoweza kumuuliza padri au mchungaji wake. Akikushauri uache, kutembea na kujinyoosha kwa kawaida kutakufaa pia, na sitakuona umepungukiwa na kitu.

Ninunue mkeka maalumu?

Si lazima. Ila mkeka wa ukindu juu ya vigae unateleza, tandika zulia lisilosogea. Mchanga wa ufukweni unazama na kuumiza vifundo vya mikono. Dera litakukwaza; vaa suruali pana.

Nina presha, na mdogo wangu ni mjamzito. Tuje?

Njooni, lakini kwanza mwambieni daktari au mkunga wa kliniki, kisha mniambie na mimi. Mwenye presha isiyodhibitiwa asibane pumzi wala kukaa kichwa kikiwa chini ya moyo. Mwenye glakoma, ugonjwa wa macho, vilevile, kwa kuwa kuinamisha kichwa huongeza presha ndani ya jicho. Mjamzito, hasa baada ya miezi mitatu ya mwanzo, asilale chali kwa muda mrefu, asilalie tumbo, asijisokote kiuno kwa nguvu. Anayechoma insulini aje na kitu kitamu mfukoni, sukari isije ikashuka. Na dawa haziachwi. Nasema hili kwa uchungu, maana nimeshawaona walioziacha kwa kuwa walijisikia wepesi.

Mara ngapi kwa wiki?

Anza na dakika 10 au 15 karibu kila siku, saa 2 au 3 baada ya mlo mzito. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya kadiri, yale yanayopandisha mapigo ya moyo. Yoga ya polepole mara nyingi haifiki hapo, kwa hiyo baiskeli usiiache.

Mwanangu, nina miaka 68 na magoti yanauma. Chini siketi tena.

Shikamoo, bibi. Hutaketi chini. Tafuta kiti cha mbao kisichoyumba, ukiegemeze ukutani, ukae mbele kidogo, nyayo zote mbili sakafuni. Vuta pumzi ukiinua mikono kadiri mabega yanavyoruhusu, toa pumzi ukiishusha. Mara tano. Kisha shika kiti na unyooshe mguu mmoja mmoja mbele, uhesabu mpaka tano, uurudishe. Jumamosi nitakuwekea kiti kivulini, karibu nami.