Je, wajua kwa nini gari zima kabisa mjini huvunjika njiani kwenda Ziwa Turkana?

Anayejiandaa kwenda Loiyangalani au North Horr, kaskazini mwa Kenya, kwa gari huogopa mawe na mashimo. Mawe yapo, tena meusi na makali, lakini dereva huyaona akayapitia polepole. Kinachoua gari ni vijituta vidogo vya barabara ya changarawe, vile vinavyoikata njia kutoka ukingo hadi ukingo, kina chake vidole viwili au vitatu tu. Hivyo havina pa kukwepea.

Piga hesabu. Vijituta vikiachana kwa sentimita 70 na gari likienda kilomita 60 kwa saa, kila gurudumu linapigwa mara 24 hivi kwa sekunde. Kwa saa moja ni zaidi ya mara 85,000. Pigo moja si kitu, ila nati iliyokazwa nusunusu gereji italegea, ufa mdogo kwenye chuma utarefuka, na waya unaogusa ukingo wa bati utachunika hadi shaba itoke nje.

Vijituta hivyo huchongwa na magurudumu yenyewe. Mwaka 2007 Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walichapisha jaribio walilofanya kwa gurudumu linalozunguka juu ya mchanga mkavu. Likipita mwendo fulani, mchanga huanza kujikunja mawimbi, hata gurudumu lisipokuwa na springi. Likienda chini ya mwendo huo, mchanga hubaki sawa. Ndiyo maana greda likishapita, baada ya muda vijituta hurudi palepale: magari hayajapunguza mwendo.

Sehemu ya kwanza kuumia ni shokapu. Kazi yake ni kuzuia springi isiendelee kurukaruka, na hufanya hivyo kwa kusukuma oili kwenye vitundu vyembamba ndani yake. Nguvu ya mtikisiko hugeuka joto. Baada ya saa moja ya vijituta mwili wa shokapu huwa haushikiki kwa mkono. Oili ikichemka na kuchanganyika na hewa hutoa povu, na povu halizuii kitu. Gari huanza kuyumba nyuma, kisha sili hukatika na oili yote huvuja. Shokapu zenye gesi ya naitrojeni huchelewa kutoa povu, kwa hiyo bei yake inastahili. Hata hizo zinahitaji kupumzika: simama dakika 15 kila saa, na usizimwagie maji zikiwa moto. Kabla ya safari angalia busha, yaani mipira ya kwenye vishikizo vya shokapu, za juu na chini. Mpira ukishapasuka, chuma hugonga chuma, na kishikizo cha shokapu hung'oka kwenye chesisi. Chukua busha za akiba na walau shokapu moja ya nyuma.

Land Cruiser za mfululizo wa 70, ambazo ndizo nyingi upande ule, zina springi za majani nyuma. Yubolti ndizo zinazobana springi juu ya ekseli, na hapa ndipo penye kosa linalowaangusha wengi. Yubolti mpya hukazwa, gari likapakiwa, springi zikalaliana, na kubana kunapungua bila mtu kugusa kitu. Ekseli huanza kucheza, mzigo wote unaiangukia senta bolti, ile inayopita katikati ya majani ya springi, nayo hukatika. Ekseli ikirudi nyuma upande mmoja, gari litatembea kiubavu. Kwa hiyo kaza tena yubolti baada ya kilomita 100 za mwanzo, kisha kila jioni ya siku mbili zinazofuata. Usisahau nati za magurudumu.

Kuna njia rahisi ya kukagua bila spana. Nati ikishakazwa, chora mstari wa rangi nyeupe unaopita juu ya nati na boliti pamoja. Asubuhi, tochi mkononi, pita chini ya gari: mstari uliovunjika unakuonyesha nati iliyozunguka. Chora kwenye yubolti, vishikizo vya shokapu, vishikizo vya tangi la mafuta, boliti za usukani na za keria. Kazi hii huchukua nusu saa na haigharimu kitu.

Betri nayo ifungwe isitikisike hata kidogo, na kipande cha mpira kiwekwe chini yake, maana sahani za ndani huvunjika. Waya wowote unaogusa chuma uvalishwe mpira, hasa wa kutoka betri kwenda stata. Ukichunika huo, moto unawaka.

Sasa uzito. Pesa nyingi za maandalizi huishia kwenye vitu vya kuonekana, na kila kimoja kinaongeza kilo. Chukua watu wanne, kilo 300. Maji ya kunywa lita 5 kwa mtu kwa siku, siku nne, ni lita 80. Ongeza 20 za rejeta na dharura, kilo 100. Dizeli ya kilomita 600, gari likila lita moja kwa kilomita 5 kwenye njia laini, ni lita 120; ongeza akiba ya asilimia 30, unapata lita 156, karibu kilo 131. Matairi mawili ya akiba na rimu zake kilo 75, vifaa na jeki kilo 60, chakula na mahema kilo 80. Tayari ni kilo 746. Bampa ya chuma, winchi na keria ya juu vikiongeza 150, unakaribia kilo 900 kabla mtu hajaingiza begi lake. Soma kibati cha gari kujua uwezo wake, kisha ubaki chini yake, kwa sababu uwezo ule unazungumzia njia ya kawaida. Vizito viwe chini na mbele ya ekseli ya nyuma. Mzigo uliorundikwa nyuma ya ekseli huikunja chesisi, na pikapu za kabini mbili hukunjika mara nyingi papo hapo nyuma ya kabini. Mzigo wa juu uwe mwepesi. Madumu ya chuma yasigusane wala yasigongwe na kichwa cha boliti. Mtikisiko wa siku moja unatosha kuyatoboa.

Matairi ndiyo springi ya kwanza ya gari, na presha ndiyo marekebisho pekee unayoweza kufanya njiani bure. Kwenye lami na mzigo, fuata kibandiko cha mlangoni. Kwa tairi za nyuma mara nyingi ni psi 45 na zaidi. Tuseme gurudumu limebeba kilo 700. Kwa psi 45 eneo linalogusa ardhi ni sentimita za mraba 220 hivi. Shusha hadi 18, eneo linafika kama 550, na uzito uleule unaikandamiza ardhi kwa nguvu ndogo zaidi. Ndiyo maana gari lililokwama kwenye mchanga wa laga, yaani mto uliokauka, hutoka lenyewe baada ya kupunguza presha, bila koleo. Kwenye vijituta shusha kama robo na uende kilomita 40 hadi 50 kwa saa. Wapo wanaokimbiza hadi 80 ili magurudumu yapite juu ya vilele tu. Ni kweli gari linatulia, lakini gurudumu lisilogusa ardhi halina breki wala usukani.

Tairi laini halikimbizwi. Ubavu unaojikunja sana hupata joto na kupasuka, kwa hiyo kwa psi 18 usizidi kilomita 30 au 40. Pima presha asubuhi tairi likiwa baridi, pima tena baada ya saa moja ya mwendo. Kwa tairi za magari ya mizigo midogo, ikipanda zaidi ya psi 6, tairi limelegea mno, au mzigo au mwendo umezidi. Ukitumia tyubu, usishushe presha ovyo: tairi likizunguka kwenye rimu hung'oa vali. Na rimu za vipande zenye ringi ya chuma zisijazwe hewa mtu akiwa ameziinamia. Ringi ikichomoka inaua.

Joto la injini lina siri moja ya eneo lile. Kati ya South Horr na Loiyangalani, karibu na mitambo 365 ya umeme wa upepo, upepo mkali huvuma kutoka kusini-mashariki. Ukienda kaskazini polepole kwa gia nzito, upepo unakusukuma kwa nyuma kwa mwendo unaokaribia wako, na rejeta haipati hewa kutoka mbele isipokuwa ile ya feni. Geji ya joto hupanda bila kilima. Geuza gari uso kwenye upepo, acha injini ingurume taratibu, usubiri geji ishuke. Kabla ya kuondoka osha mapezi ya rejeta kutoka upande wa injini, na ubadilishe mipira yake ikiwa imevimba au imekuwa migumu.

Vumbi la huko ni laini kama unga, na bomba la kupandishia hewa hadi juu ya paa halilichuji. Linachukua tu hewa yenye vumbi pungufu. Mlinzi ni chujio na mpira wake wa kuziba. Likung'ute kila jioni, au ulipulize kutoka ndani kwenda nje kwa presha ndogo, kisha upitishe kitambaa ndani ya bomba linaloelekea injini. Kitambaa kikitoka na vumbi, kuna mahali panavuja, na ringi za pistoni zinasagika. Dizeli inayouzwa kwenye mapipa iache itulie kabla ya kumimina, ichuje, na ukimaliza kujaza fungua kizibo cha chujio utoe maji. Kubeba vyujio viwili vya dizeli vya akiba si anasa.

Difu, yaani gia za katikati ya ekseli, zina kipumulio, kitundu cha kupitisha hewa. Difu la moto likiingia ghafla kwenye maji ya laga hupoa, hewa ya ndani hunywea, na maji huvutwa kupitia kipumulio au sili. Unganisha mpira mrefu kutoka kipumulio hadi juu. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, imwage siku hiyohiyo.

Kamba ya kuvutia ifungwe kwenye ndoano iliyoungwa chesisi, kamwe si kwenye kifundo cha kuvutia trela, ambacho kikikatika huruka kama risasi. Jeki ipewe ubao wa sentimita 40 kwa 40, unene wa 4, la sivyo itazama badala ya kuinua.

Wiki mbili kabla, pakia kila kitu kama utakavyosafiri, mafuta na maji yakiwamo, ulipeleke gari kilomita 100 za njia mbovu iliyo karibu na fundi. Kitakachovunjika kivunjikie hapo.

Jangwa la Chalbi ulivuke mwishoni mwa maandalizi yote haya, na usilivuke bila kuuliza Kalacha au North Horr kama mvua imenyesha. Ni ziwa lililokauka: juu gamba la chumvi, chini matope. Fuata nyayo za magari ya siku hizo. Ukisikia usukani umekuwa mwepesi na injini inalemewa, gamba limepasuka. Usibonyeze mafuta, rudi nyuma kwenye nyayo zako mara moja, kabla ekseli hazijalala kwenye tope.