Nguvu farasi za kwenye boksi hazikati mbao

Nimeulizwa tena, kwa mara ambayo nimeacha kuihesabu, iwapo rauta (mashine ya kuchimba mifereji na kuviringa kingo za mbao) ya nguvu farasi 3.25 inamfaa zaidi mtu anayetengeneza rafu na droo nyumbani kuliko ya 2.25. Muulizaji alikuwa na jibu lake tayari. Alitafuta fundi wa kulibariki tu, nami sikulibariki.

Nguvu farasi moja ni wati 746. Rauta inayotumia umeme wa volti 120 na kuvuta ampea 15 hupokea wati 1,800, yaani nguvu farasi 2.4, na hapo hatujatoa kinachopotea kwa joto ndani ya mota. Hiyo 3.25 inatoka wapi, basi? Ni kipimo cha kilele, kinachopatikana kwa kitambo kifupi mota inapolemewa, na hakuna seremala mwenye akili timamu anayefanya kazi katika hali hiyo. Soma ampea au wati kwenye kibandiko cha mashine yenyewe, na boksi uwaachie watoto walichezee.

Cha kuuliza kwanza ni koleti, yaani kibano kinachoshika shina la biti, kile kisu kinachozunguka. Shina la nusu inchi ni nene mara mbili tu ya lile la robo inchi, lakini kwa chuma kilekile na urefu uleule hustahimili kupinda mara 16 zaidi, kwa kuwa ukakamavu hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo. Ndiyo maana mfereji mrefu uliochimbwa kwa biti ya shina jembamba hutoka na mawimbi, kisha mti ukabebeshwa lawama. Wala usikubali kuambiwa kwamba shina la milimita 6 linakaa katika koleti ya robo inchi: robo inchi ni milimita 6.35, na upungufu huo unatosha kabisa kuiachia biti ikiwa kasini. Mashine ya wati 1,200 hadi 1,700 inayopokea koleti zote mbili itakutosha kwa kazi nyingi za nyumbani; kama unaviringa kingo tu, hata ile ndogo ya mkono mmoja inatosha.

Kidhibiti cha kasi nacho hakina mbadala. Kwa mizunguko 22,000 kwa dakika, makali ya biti ya milimita 12 huenda karibu mita 14 kwa sekunde, ilhali ya milimita 50 hufikia takriban 58. Biti pana lazima ipunguziwe kasi, na rauta isiyoweza kuipunguza, hata iwe na nguvu za trekta, ni ya biti ndogo.

Kitako cha kuzamisha, kinachokuwezesha kuishusha biti ndani ya mbao mashine ikiwa inazunguka, kinahitajika ukichimba matundu ya kuingizia ndimi za viungo au mifereji isiyofika ukingoni. Vinginevyo kile kisichozama kinatosha. Sukuma daima kinyume na mzunguko wa biti.

Kuhusu kina cha kila mpito, yaani kila mara biti inapopitishwa kwenye mbao, hufuata kanuni ya nusu ya kipenyo cha biti, ingawa nakiri kwamba mara nyingi sikio langu huiamua kabla ya rula. Mbao za mcheri huniungulia hata kwa biti mpya, na bado sina hakika kama kosa ni kasi, mkono wangu au mti wenyewe. Kwa hiyo huacha nusu milimita na kuiondoa kwa mpito mmoja wa mwisho, bila kusita njiani.