Je, wajua kwa nini mfalme Dario aliandika mahali pasiposomeka?

Uko ndani ya basi linalopanda Kitonga kuelekea Iringa, na juu ya mwamba, mita 100 kutoka barabarani, mtu amechonga maandishi yenye alama za sentimita chache tu. Utaona kuna kitu, basi. Ndivyo alivyofanya Dario wa Kwanza wa Uajemi mnamo mwaka 520 kabla ya Kristo, kwenye mlima Behistun, kando ya njia kuu ya Babeli kwenda Ekbatana, magharibi mwa Iran ya leo. Lugha tatu: Kiajemi cha kale, Kielamu na Kibabeli.

Jibu la haraka, ambalo wengi wetu tulilishika kwanza, ni kwamba alitaka wapita njia wasome sifa zake. Halisimami. Achilia mbali umbali: wapita njia wengi hawakujua kusoma. Na hati ya Kiajemi cha kale ilikuwa mpya kabisa. Wataalamu wengi wanaona ilibuniwa zama zake mwenyewe, huenda kwa kazi hiyohiyo. Wengine husema basi aliwaandikia miungu. Hilo lina nafuu, ila mwamba wenyewe unalipinga: Dario anasema maneno hayo yaliandikwa pia kwenye vibao vya udongo na ngozi, yakasomwa mbele yake, yakapelekwa kila jimbo.

Chukua waraka wa wilaya. Wenye mhuri wa wino unabaki kwenye faili. Nakala inamfikia mtendaji wa kijiji, anaisoma mkutanoni, na wazee wasipomwelewa anafafanua kwa Kihehe, au Kinyakyusa kama ni Rungwe. Bibi aliyekaa nyuma hajauona mhuri wala hauhitaji. Anajua upo, na kwamba mtendaji hakujitungia. Behistun ndiyo ile ya kwenye faili, ila faili limetundikwa pale kila msafiri analiona na hakuna anayeweza kulifikia alichakachue.

Nakala zilifuata msikilizaji. Vipande vilivyopatikana Babeli vinamtaja Bel, mungu wa huko, pale mwamba unapomtaja Ahuramazda, mungu mkuu wa Dario. Kisiwani Elephantine, Misri, imepatikana nakala ya Kiaramu kwenye mafunjo, iliyoandikwa takriban miaka 100 baadaye. Na atakayeificha habari hii asiwaambie watu amelaaniwa humohumo: afe, asiwe na uzao. Mtendaji wa leo hupewa barua ya kujieleza.

Kwamba nakala zilisomwa kwa sauti hadharani tunakisia kutokana na laana hiyo. Sauti haiachi mabaki. Yaliyomo nayo yapokelewe kwa tahadhari. Dario anadai alimuua laghai aitwaye Gaumata aliyejifanya mwana wa mfalme, na wanahistoria kadhaa wanashuku kwamba aliyeuawa alikuwa mwana wa mfalme kweli. Mwenye dai la namna hiyo ana sababu ya kuchonga mistari 414 kwa Kiajemi peke yake.

Kwa wasiosoma ipo picha: Dario, mguu wake juu ya Gaumata, mbele yake mateka tisa waliofungwa kamba shingoni. Mwanzoni walikuwa wanane. Wa tisa, Skunkha, kiongozi wa Wasaka, watu wa nyika za kaskazini, aliongezwa baada ya vita vya baadaye, akala sehemu ya safu za Kielamu zilizokuwa pembeni. Mafundi wakapanda tena mwambani, wakayachonga maandishi ya Kielamu upya upande wa pili. Kofia ya Skunkha, ndefu na iliyochongoka, ndiyo inayomtambulisha hadi leo.